Saa ya Sebuleni kwa Mama Halo

Mama Halo hakuwa mtu wa kuogopeshwa na mashine. Zamani, simu zilipokuwa bado zinaunganishwa kwa mkono, yeye ndiye aliyekaa mbele ya ule ubao wenye matundu na nyaya, vipokea sauti kichwani, akiwaunganisha mabosi na wake zao, na mara nyingine mabosi na wasio wake zao, na siri hata moja haikumtoka mdomoni. Jina la Halo alilipata huko kazini, likamfuata mpaka mtaani, na sasa hata wajukuu wanamwita hivyo hivyo. Kwa hiyo macho yalipoanza kumletea matatizo, kilichomshinda hakikuwa kompyuta. Kilichomshinda ni herufi.

Hospitali walisema ni presha ya macho. Jicho linajikaza ndani kwa ndani na kuona kunaliwa taratibu kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Jicho la kushoto lilikuwa na nafuu kidogo. La kulia lilitakiwa kupasuliwa mapema, la sivyo lingepofuka kabisa. Saa ya ukutani ilikuwa imeshageuka sahani nyeupe tu kwake, na ile ya mkononi aliitupa kwenye droo.

Mwanawe mkubwa, anayeishi ng'ambo, akamtengenezea ukurasa. Mama akifungua kivinjari chake, badala ya kukutana na vile viherufi vya mchwa, anaupata ukurasa wake mwenyewe, kila kitu ndani ya kisanduku chake, maandishi makubwa kama ya bango: saa, hali ya hewa, picha za wajukuu, kitufe cha kumpigia mwanawe, na kisanduku cha miadi ambacho watoto wake waliweza kuandika humo hata wakiwa mbali. Akamwambia, "Mama, chukulia hii ni sebule yako. Panga viti unavyotaka." Nadhani hakujua anaongea na nani. Mama Halo alipanga sebule. Kisanduku cha habari alikifukuza siku ile ile, akisema hao kila wakija wanaleta misiba ya watu asiowajua na hawajui kuaga. Picha ya mkwe wake wa ng'ambo aliisukuma mpaka kona ya chini kabisa, na mkwe alipouliza, akaambiwa eti mashine ilijisogeza yenyewe.

Kisha akaja na kesi ya saa. Maisha yake yote, alisema, akiona mishale anajua wakati bila kufikiri. Lakini hizi namba tupu! Imeandikwa kumi, wewe useme nne. Imeandikwa mbili, wewe useme nane. Huo si ni uchokozi kwa mtu mzima? Kwa nini kisanduku chake kisiongee Kiswahili kama watu wengine wa nyumba hii? Mwanawe alicheka mpaka akakohoa, halafu akaingia kwenye mipangilio, akaiambia ile saa kwamba iko kwenye mji mwingine wa mbali, ulio nyuma yao kwa masaa sita. Akaondoa na vile vijiherufi vya pembeni vinavyosema asubuhi au mchana. Basi ikawa saa mbili asubuhi, kisanduku kinaandika 2:00. Saa nne, kinaandika 4:00. Miadi nayo inafuata hivyo hivyo. Mama Halo alimwita jirani aje aone mashine iliyopata akili. Mwanawe akamsisitizia amweleze dada yake, Kitinda. Mama akasema atamweleza, na hakumweleza. Ni nani anayewatangazia watoto wake kwamba amesogeza kiti nyumbani kwake?

Kitinda ndiye binti, kitindamimba wa nyumba hiyo. Anatengeneza meno ya bandia kwenye karakana iliyo upande wa pili wa mji, na akimaliza kazi huja kumwangalia mama yake mara kwa mara, mikono bado ina unga wa plasta. Mtoto mwema, simsemi vibaya. Ila alikuwa na hofu moja aliyoibeba tangu utotoni. Alimwona bibi yake, mama wa Mama Halo, akili zikimtoka: akitoka nje bila nguo, akimwita kwa jina mama yake aliyekwisha kuzikwa, akilia kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Kitinda alikuwa darasa la pili, na ndiye aliyepewa kazi ya kufunga geti. Toka hapo alimwangalia mama yake kama mtu anayeangalia maziwa jikoni. Mama akimwita kwa jina la shangazi, Kitinda anaandika moyoni. Mama akitia chumvi kwenye chai, anaandika. Sasa jamani, nani kati yetu hajawahi kutia chumvi kwenye chai?

Jumatatu moja alifika mchana, jua linawaka uani, mama yake amelala chumbani. Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Kitinda akatupa jicho kwenye ule ukurasa na moyo ukamlipuka: saa ilikuwa inasema 8:30. Akaangalia simu yake: 14:30. Juu ya ile saa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na jina la mji ambao hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuukanyaga. Alisimama pale akishika kiti. Akamwona mama yake akibonyezabonyeza peke yake, akipotea ndani ya mashine, akiishi masaa ya mji mwingine bila kujua. Imeanza, akajiambia. Imeanza.

Tazameni sasa. Ile namba ilisema nane na nusu, na ilikuwa kweli saa nane na nusu. Angeisoma kwa mdomo tu, kwa sauti, angeelewa. Lakini Kitinda anashinda na namba za kazini, na kwake kompyuta ni kompyuta, husomwa kikompyuta. Akaingia kwenye mipangilio, akachagua mji wao, akahifadhi. Saa ikaruka ikawa 2:30. Akafuta machozi, akaenda kumchungulia mama yake aliyelala mlango wa pili, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake.

Hakumwamsha amuulize. Mdomo alikuwa nao. Hakuuliza kwa sababu jibu alikuwa ameshalipata, na kwa sababu aliogopa kuuona uso wa mama yake ukitafuta neno na kulikosa.

Kesho yake, akiwa karakana na taya la nta mkononi, hospitali wakampigia. Daktari bingwa mgeni alikuwa amekuja kwa siku chache tu, mgonjwa mmoja ameahirisha, nafasi hiyo apewe mama. Kesho, saa nne asubuhi, na asile chochote ndani ya masaa sita kabla. Kitinda akashukuru mpaka akaishiwa maneno. Mteja wake alikuwa amekaa pale pale bila meno, ana sherehe jioni, kwa hiyo akaandika haraka kwa simu yake kwenye kisanduku cha miadi: Operesheni ya jicho kesho. Masaa sita kabla usile kitu. Tukutane hospitali. 10:00. Hakupiga simu. Kisanduku kipo, kitamwambia.

Mama yake ndiye aliyepiga, baadaye kidogo. Hakuuliza habari za operesheni, hiyo alikuwa ameiona. Aliongea taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji.

"Eti mama, saa ya sebuleni kwangu iko sawa?"

Tangu jana ile saa ilikuwa inamwambia mambo ya ajabu. Jua linachomoza, saa inasema sita na nusu, akaamua macho yamemdanganya. Anakunywa chai ya asubuhi, saa inasema nane. Mama Halo aliogopa, na kwa kuwa aliogopa, aliuliza. Kitinda naye akaogopa. Angesema nimeirekebisha, angekuwa amemwambia mama yake uso kwa uso kwamba amemwona anavyopotea. Kwa hiyo akaweka sukari kwenye sauti, ile sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa.

"Iko sawa kabisa mama. Wewe iamini tu."

Mama yake akasema, "Haya," na simu ikakatwa.

Aliiamini. Kwenye kisanduku pameandikwa 10:00, na kwa jinsi alivyozoea, hiyo ni saa kumi. Akampigia dereva wa teksi wa mtaani, kijana mmoja mpole wanayemwita Taratibu kwa vile hajawahi kumpita mtu barabarani, akamwambia kesho amfuate saa tisa kamili. Taratibu akaitikia.

Asubuhi ya Jumatano Mama Halo aliamka na njaa, akaoga, akavaa gauni la kijani, akakaa mbele ya ukurasa wake na mkoba mapajani. Dirishani alikuwa anaona mwanga wa asubuhi, na wanafunzi waliochelewa walikuwa wanapita wakipiga kelele. Lakini saa ilipofika 9:00 akasema, tisa hiyo, na binti yangu amesema niiamini. Akamsubiri Taratibu. Hakuja. Akampigia, kwa ukali kidogo, kumuuliza yuko wapi wakati saa tisa imefika. Taratibu akacheka kwa adabu. Akamwambia, mama, hii ni saa tatu, saa tisa bado kabisa, wewe pumzika.

Huyo mama alikuwa amevaa. Amekaa. Ana mkoba mapajani, kwenye wakati wenyewe hasa, hospitali haikuwa mbali, na watu wawili wanaompenda walikuwa wamemwambia kila mmoja kwa upole kwamba amekosea. Akamwomba Taratibu radhi. Akavua viatu. Halafu akapiga hesabu yake vizuri kabisa, kama mwenye akili timamu: operesheni ni saa kumi jioni, masaa sita kabla ni saa nne asubuhi, basi bado ana nafasi ya kunywa chai. Akaenda jikoni haraka kabla wakati haujampita.

Kitinda alikuwa hospitali mapema, amekaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha upasuaji, roho juu. Muuguzi akatoka, akaita jina la mama yake, akaita tena. Kitinda akapiga simu. Ikapokelewa, na kitu cha kwanza alichosikia ni mtu anatafuna.

"Mama, uko wapi?"

"Niko nyumbani, namalizia mkate. Masaa sita yangu yanaanza sasa hivi."

Taratibu alitumwa akaenda mbio kwa mara ya kwanza maishani mwake. Lakini hata alipomfikisha, muuguzi alitikisa kichwa: ameshiba, hawezi kulazwa mezani. Daktari mgeni alikuwa anaondoka mchana ule kwenda mji mwingine, na hakuna aliyejua atarudi lini. Walimpa matone mapya, wakamwambia atie bila kukosa. Kitinda hakumgombeza mama yake. Alimshika mkono, akamwambia si kitu, si kitu. Mama Halo alikuwa ametulia mno, mkate umemganda kwenye kona ya mdomo. Kwenye korido Taratibu alimvuta Kitinda pembeni akamsimulia simu ya asubuhi, jinsi mama alivyochanganya saa tatu na saa tisa. Akashusha sauti. Akasema si vizuri mama kuendelea kuishi peke yake.

Jicho la kulia lilipofuka kabla mvua hazijaanza. Siku moja alitaka kuchukua glasi, akaisukuma ikaanguka, akasema basi, limeenda.

Kikao cha familia kilifanyika kwa simu. Kaka alilia ng'ambo, Kitinda akalia huku, wakakubaliana nyumba ifungwe na mama ahamie chumba cha nyuma kwa Kitinda, atafutwe mtu wa kushinda naye. Walijiandaa kwa vita, kwa sababu Mama Halo hajawahi kukubali hata rangi ya pazia bila ubishi. Mama Halo alisema sawa. Akakabidhi funguo zote, mpaka za kabati. Kompyuta akaifunika kwa kitambaa, na toka siku hiyo akaanza kuomba ruhusa. Naruhusiwa kuwasha jiko? Niende kuoga sasa, au bado? Leo ni leo, au ni jana? Alikuwa hataki kukosea tena, kwa hiyo kila kitu alikiuliza, na Kitinda akawa anamjibu moja moja. Hiki ndicho alichokiogopa tangu akiwa darasa la pili, na sasa kilikuwa kimekaa mezani kwa mama yake kikisubiri kuambiwa kianze kula.

Wiki ya kuhama, kaka akampigia Kitinda kazini. Alitaka kuupanga upya ule ukurasa, mama aukute tayari kwenye chumba kipya, labda atachangamka. Alikuwa ameufungua huko aliko, na akauliza, bila nia yoyote mbaya, ni nani aliyegusa saa.

Kitinda akauliza saa imefanya nini. Kaka akamweleza. Mji wa mbali, masaa sita nyuma, 4:00 isomwe saa nne. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba, tena alifurahi sana. Kwani hakukwambia?

Kitinda aliweka chini kisu cha nta. Ile nane na nusu ya Jumatatu ikamrudia, jua likiwa uani. Ikamrudia ile sauti ya mama yake kwenye simu: iko sawa? Akaiona tisa, akaiona kumi, akamwona mama yake na gauni la kijani na mkoba mapajani.

"Labda aliibonyeza mwenyewe kwa bahati mbaya," kaka akasema. "Maskini mama."

"Labda," Kitinda akasema.

Neno moja. Na halikuwa zito hata kidogo, lilimtoka kama makohozi. Hakuna aliyekuwa anamshuku. Jicho lilikuwa limeshaenda na lisingerudi kwa kusemwa ukweli. Mama amekubali kuhama. Kaka ameridhika. Angeweza kunyamaza mpaka kaburini, na alijaribu: alipita siku kadhaa amejitia hamnazo, anafunga maboksi, anakunja mapazia, usingizi hapati, meno ya mteja mmoja akayageuza ya juu chini.

Jumamosi walikuwa wanafunga vyombo vya jikoni. Kitinda amepiga magoti sakafuni na magazeti, mama yake amekaa kwenye stuli, anapapasa kila chombo anachopewa kabla ya kukiachia. Akashika birika lake la chai, lile lenye kishikio kilichoungua. Akaligeuzageuza.

"Hili naruhusiwa kuja nalo?"

Kitinda hakuweza tena. Alisema pale pale, magazeti mkononi, bila kutafuta maneno mazuri. Saa niliibadilisha mimi, mama. Ile Jumatatu, umelala. Sikujua kaka aliipanga hivyo, nilidhani umeiharibu, nilidhani kichwa chako kimeanza. Ulikuwa sawa wewe. Ile asubuhi ya hospitali ulikuwa umevaa kwa wakati.

Mama Halo aliliweka birika mapajani. Jicho lile moja akalielekeza dirishani.

"Nilipokupigia nikakuuliza iko sawa, ulikuwa umeshaibadilisha?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ile asubuhi nilikuwa nimekaa pale, na nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi."

Hapo mama akaanza kucheka. Kicheko cha chini, kikampanda mpaka mabega yakatikisika, na machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili, linaloona na lisiloona. Akakigonga kichwa chake kwa kidole, polepole, kama anayejaribu tikiti kama limeiva. Kizima, akasema. Kumbe kizima. Wiki zote hizi nalala namwona mama yangu yuko getini. Kitinda akadhani amesamehewa, akasogea apate kumkumbatia miguu. Mama akamzuia kwa mkono.

"Jicho ni mkosi," akasema. "Ungekuja ukaniambia mama nimekosea, nimekuponza, ningelia nikamaliza. Lakini mimi nilikuuliza, mwanangu. Niliogopa nikakupigia wewe, si mwingine. Nilikuwa naona jua dirishani kwa haya macho yangu, nikaliacha jua nikashika neno lako. Na wewe ulinijibu kama mtu anayemjibu kichaa."

Kitinda alisema nisamehe mama. Mama hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliuliza funguo ziko wapi. Kitinda akazitoa mfukoni, akampa, na mama akazihesabu kwa vidole, moja moja, mpaka ya kabati, akazitia ndani ya gauni lake kifuani. Akasema nyumba haifungwi. Akasema vyombo virudi rafuni, na yeye mwenyewe ndiye atakayevirudisha kwa sababu ndiye anayejua vinapokaa.

Kisha akaomba simu. Alitaka kuwauliza hospitali yule daktari anarudi lini, maana amebakiwa na jicho moja na hana mpango wa kulipoteza. Kitinda akawahi kusema atawapigia yeye, Jumatatu, akifika kazini, wanamfahamu.

"Wewe nisomee namba tu," mama akasema.

Kitinda akamsomea. Mama akazibonyeza mwenyewe, akipapasa, akakosea, akafuta, akaanza tena, na Kitinda akaukunja mkono wake ulipotaka kwenda kusaidia. Simu ikaanza kuita upande wa pili. Mama Halo akanyoosha mgongo, na kwa kidevu akamwashiria binti yake atoke nje na mlango aufunge.